Chuo cha Ufundi ni cha Nani? Somo la Litowa kwa Parokia za Vijijini

Parokia nyingi za vijijini zina chuo kidogo cha ufundi, au ziliwahi kuwa nacho. Historia yake haitofautiani sana kutoka jimbo moja hadi jingine. Padre mmoja mwenye bidii aliona vijana waliomaliza darasa la saba wakishinda kijiweni, akawaandikia marafiki zake ng'ambo, kontena likafika na vyerehani, randa na mashine ya kuchomelea. Miaka mitatu ya mwanzo chuo kilijaa. Kisha padre akahamishwa, muda wa ufadhili ukaisha, mwalimu wa useremala akapata kazi mjini. Leo ukipita pale unakuta vyerehani vimefunikwa kwa vitenge vilivyochakaa na ufunguo wa stoo uko kwa katibu wa parokia. Waliohitimu wako Mwanza au Dar es Salaam, wengine wanaendesha bodaboda, na vyeti vyao mama amevihifadhi sandukuni.

Wapo wanaosema vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Wengine husema ni fedha tu, mfadhili akirudi mambo yatanyooka. Majibu yote mawili yanaruka swali la kwanza: ni nani aliyeamua kwamba kijiji kile kinahitaji mafundi cherehani 15 kila mwaka? Tukiwa wakweli tutakubali kwamba mara nyingi kijiji hakikuulizwa. Kilialikwa siku ya ufunguzi, kikapiga vigelegele, kikala pilau.

Swali hili lina uzito zaidi sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na shule za Kanisa nazo zinafikiria kujenga karakana. Karakana ni ghali. Tusipoelewa kwa nini zile za kwanza zilifungwa, tutajenga mpya pembeni yake na kuzifunga vilevile.

Nchi yetu inao mfano mmoja ambao haufundishwi sana, na ulitokea si mbali na abasia ya Peramiho. Ni mfano wa vijiji vilivyojiendeleza vyenyewe, vikajenga shule yao na kufundisha mafundi wao, hadi vilipozuiwa. Jina lake ni Litowa.

Walianza na chakula

Mwaka 1960, kabla ya Uhuru, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU katika wilaya ya Songea walikwenda kuanzisha makazi mapya mahali panapoitwa Litowa. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Jaribio la kwanza lilishindikana. Millinga akaenda kusoma Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kisha akarudi, na kazi ikaanza upya kwa mwendo wa taratibu zaidi. Mwaka 1963 vijiji vilivyofuata njia hiyo viliunda chama chao, Ruvuma Development Association, kwa kifupi RDA. Mwaka huohuo alifika Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika shamba la misioni ya St Faith's huko Rhodesia ya Kusini. Alikaa Litowa pamoja na familia yake akiwa mshauri, si meneja. Kufikia mwaka 1969 vijiji vya RDA vilikuwa 17 hivi, miongoni mwao Litowa, Liweta, Njoomlole na Matetereka.

Kilichovitofautisha vijiji hivi na miradi mingi ya wakati ule ni mkutano. Wanakijiji walikutana, wakajadili nani alime wapi, mavuno yagawanywe vipi, kiasi gani kibaki kwa ajili ya mwaka ujao. Wasimamizi wa kazi walichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Chama kikuu hakikuwa na mamlaka ya kukiamuru kijiji. Kazi yake ilikuwa kusaidia pale kijiji kilipoomba. Misaada ya nje ilipokelewa, lakini kwa tahadhari, na Ibbott alihimiza mwendo wa polepole hata pale wageni walipotaka kuona maajabu.

Hatua ya kwanza ilikuwa chakula. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililobeba mengine yote. Mtu ambaye hana mahindi ghalani hawezi kukaa mkutanoni saa mbili akipanga mambo ya mwaka kesho. Mawazo yake yako kwa watoto. Wala hawezi kukataa fedha zenye masharti mabaya. Kijiji chenye akiba ya chakula kinaweza kumwambia mfadhili, au ofisa, au hata padre: tusubiri kwanza, hatujakubaliana.

Tujiulize ni miradi mingapi ya parokia ilianzia hapo. Mingi huanza na ramani ya jengo.

Shule iliyoifuata kazi

Litowa ilikuwa na shule ya msingi, na mwalimu mkuu wake alikuwa Suleiman Toroka. Watoto kutoka vijiji vingine vya RDA walikuja kukaa na kusoma pale. Haikuwa shule ya kumtoa mtoto kijijini. Watoto walisoma kusoma, kuandika na hesabu kama wengine, lakini pia walilima, walishughulika na lishe na afya, na walijifunza namna kijiji chao kinavyoendeshwa. Walitazamiwa kurudi vijijini mwao kama watu wenye kazi inayowasubiri, na wazazi walijua hivyo kwa sababu wao ndio walioitaka shule ya namna hiyo.

Ufundi nao ulifuata kazi. Vijiji vilikuwa na nafaka, kwa hiyo chama kikajipatia mashine ya kusaga mjini Songea. Vilihitaji mbao, kikajipatia kiwanda cha kupasua mbao. Magari na mashine vikiharibika lazima mtu avitengeneze, kwa hiyo kukawa na karakana ya umakanika. Kila mara mpangilio ni uleule: kwanza kuna kazi ambayo watu tayari wanaifanya na kuimiliki, kisha linajitokeza pengo katika kazi hiyo, ndipo mtu anatafutwa wa kujifunza ufundi wa kuziba pengo lile. Fundi anapomaliza kujifunza hatafuti ajira, maana ajira ndiyo iliyomtuma kujifunza.

Sisi tumezoea kinyume chake. Tunafundisha kwanza, tukitumaini kwamba kazi itajitokeza. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Kijiji kina kaya 300. Familia inashona sare za shule mara moja kwa mwaka, gauni la Pasaka au Noeli, na marekebisho ya hapa na pale. Mitumba inakuja mnadani kila juma kwa bei ambayo hakuna fundi anayeweza kushindana nayo. Pengine kazi hiyo inatosha mafundi wanne, tuseme watano. Chuo kinachotoa mafundi cherehani 15 kwa mwaka kinajaza soko hilo kabla ya Kwaresima ya mwaka wa kwanza. Kundi la pili linapopokea vyeti, basi la kwenda mjini linakuwa limekwisha kujibu swali la ajira. Hakuna uvivu hapo. Kijana amepiga hesabu ambayo sisi hatukuipiga.

Mtu atauliza: mbona wamisionari walifaulu? Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na karakana zao zimelea maseremala, waashi na wahunzi wa vizazi kadhaa. Ni kweli, na ni sifa kubwa. Lakini tuangalie mafundi wale walifundishwa wakifanya nini. Abasia yenyewe ilikuwa inajenga makanisa, shule, hospitali na nyumba za watawa. Mwanafunzi wa useremala alitengeneza mlango uliokuwa unangojewa na fremu iliyokwisha jengwa. Mwajiri na mnunuzi alikuwa palepale uani. Parokia inayoiga karakana bila kuwa na kazi ya abasia imeiga nusu ya jambo, na nusu iliyo ghali zaidi.

Mtakatifu Paulo, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume sura ya 18, alikaa Korintho kwa Akila na Priskila kwa sababu walikuwa wa ufundi mmoja, kushona mahema, akafanya kazi pamoja nao. Tunapenda kutaja mstari huo tukihimiza vijana wafanye kazi za mikono. Sioni tukisisitiza vya kutosha kwamba karakana ile ilikuwa ya wenyeji wake, Akila na Priskila. Mtume ndiye aliyekuwa mgeni ndani yake.

Septemba 1969

Mwalimu Nyerere aliipenda kazi ya Litowa. Machi 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Septemba mwaka huohuo Ujamaa Vijijini. Anayesoma maandiko hayo akiijua Litowa ataona mengi yanayofanana. Kwa hiyo lililofuata huwashangaza wengi.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba RDA ivunjwe na kwamba kuanzisha na kuongoza vijiji vya ujamaa iwe kazi ya chama. Mali za RDA, pamoja na mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao na magari, zilichukuliwa. Walimu wa shule ya Litowa walihamishwa kwenda sehemu mbalimbali za nchi. Ibbott na familia yake waliondoka. Baadhi ya viongozi wa mkoa na wa chama walikuwa wamekwisha kukitazama chama hiki kama mamlaka nyingine pembeni ya mamlaka yao, yenye watu waliozoea kuuliza maswali na kukataa maagizo.

Si lengo la makala hii kuwahukumu waliokaa kikao kile. Walikuwa na wasiwasi wa taifa changa, na baadhi yao waliamini kwa dhati kwamba jambo zuri la vijiji 17 lingeweza kuenezwa kwa maelfu ya vijiji likiwa mikononi mwa chama. Lakini matokeo tunayajua. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa agizo, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu, mara nyingi kwa nguvu. Elimu ya kujitegemea nayo, katika shule nyingi, ikageuka kuwa shamba la shule. Wazee wetu waliosoma miaka ile wanakumbuka: kulima ilikuwa adhabu ya waliochelewa, na mavuno hawakujua yalikoenda. Jembe lilikuwa lilelile la Litowa. Kilichokosekana ni mkutano wa kuamua kilimwe nini na mazao yawe ya nani.

Matetereka ni habari ya pekee. Kijiji hicho kiliendelea na kazi za pamoja miaka mingi baada ya RDA kuvunjwa. Mashine na magari ya chama vilikuwa vimekwenda, lakini desturi ya kukutana, kuamua na kutunza hesabu haikuweza kupakiwa kwenye lori.

Padre katika habari hii ni nani?

Frateri anayesoma haya anaweza kusema: hiyo ni historia ya siasa, nami ninaandaliwa kwa altare. Basi tutazame mfano wa pili, wa mapadre wawili, ingawa unatupeleka mbali, Nova Scotia, mashariki mwa Kanada.

Padre Jimmy Tompkins na binamu yake Padre Moses Coady walikuta wavuvi na wakulima wa huko, wengi wao Wakatoliki, wakiishi katika madeni. Mvuvi alichukua nyavu na unga kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara, kisha akalazimika kumuuzia samaki mfanyabiashara huyohuyo kwa bei aliyoipanga yeye. Vijana walikuwa wakihamia mijini na Marekani. Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Xaveri, mjini Antigonish, kilifungua idara ya kuipeleka elimu nje ya kuta zake, na Coady akawa mkurugenzi wake.

Hakuanza kwa kuwajengea wavuvi shule ya ufundi. Alizunguka akiitisha mikutano, na baada ya mkutano watu walijigawa katika vikundi vidogo vya kujisomea, majirani kumi hivi, wakikutana majumbani mwao jioni za majira ya baridi. Swali lilikuwa la kazi yao wenyewe: kamba mmoja anauzwa kwa bei gani hapa pwani, na kwa bei gani mjini? Tofauti inakwenda wapi? Tungehitaji kujua nini ili tuisindike wenyewe? Katika Little Dover, kijiji maskini karibu na parokia ya Tompkins, watu walijenga kiwanda chao cha kusindika kamba kwa nguvu zao. Vyama vya akiba na mikopo na vya ushirika vikaenea. Ufundi wa kusindika, utunzaji wa vitabu vya hesabu, uendeshaji wa ghala, yote walijifunza, lakini waliyajifunza wakiwa tayari na sababu.

Kazi ile ilifika hadi kwetu. Mwaka 1959 ilifunguliwa taasisi yenye jina la Coady hukohuko Antigonish, na imepokea wanafunzi kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 1960 Kanisa nchini lilianzisha chuo cha mafunzo ya jamii Nyegezi, Mwanza, ambacho ndicho chimbuko la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba kikundi cha majirani kumi wanaokutana nyumbani si kitu kigeni kwetu. Tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970. Wanakutana kila juma, wanajuana kwa majina, wanajua nani ni mgonjwa na nani ana deni. Mara nyingi sisi huzitumia kukusanya michango na kusambaza matangazo. Chombo ambacho Coady alitumia miaka kukijenga, sisi tumekipata tayari na tunakitumia kama sanduku la posta.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana jina la jambo hili: kanuni ya auni. Papa Pius XI aliieleza katika waraka wa Quadragesimo Anno mwaka 1931. Kwa maneno mepesi, lile ambalo familia au kijiji kinaweza kulifanya chenyewe, chombo kikubwa kisikinyang'anye; kazi ya chombo kikubwa ni kutia nguvu pale zinapopungua. Kanuni hii tunaijua vizuri tunapoilaumu serikali. Lakini parokia nayo ni chombo kikubwa mbele ya kigango, na idara ya maendeleo ya jimbo ni chombo kikubwa mbele ya parokia. Machi 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya kila mtu, na kwamba watu ndio watendaji wa maendeleo yao. Mwalimu Nyerere aliwaambia Masista wa Maryknoll jambo la jirani na hilo huko New York, Oktoba 1970: Kanisa lisiridhike na kuwahudumia maskini, bali lisimame nao wanapobadilisha hali inayowafanya kuwa maskini. Inasikitisha kukumbuka kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hotuba hiyo Litowa ilikuwa imevunjwa, na yeye ndiye aliyekuwa Rais wa TANU.

Naye padre anaweza kuvunja Litowa yake bila kikao chochote cha Kamati Kuu. Inatosha akasirike kwamba kikundi cha akina mama kimeamua kununua mashine ya kukamua alizeti badala ya vyerehani alivyowaombea.

Kigangoni, tuanzie wapi?

Sina mpango wa hatua saba. Yapo mambo machache ambayo uzoefu wa Litowa na Nova Scotia unayaweka mbele yetu, na ambayo kanuni na taratibu za sasa nchini zinayawezesha.

La kwanza ni kuhesabu kazi kabla ya kuhesabu wanafunzi. Jumuiya moja baada ya nyingine iulizwe: mwaka uliopita tulimlipa nani kutoka nje ya kijiji, kwa kazi gani, shilingi ngapi? Majibu huwashangaza watu. Pampu ya kisima ilitengenezwa na fundi aliyetoka mjini. Pikipiki, sola, simu, vivyo hivyo. Alizeti iliuzwa ikiwa mbegu na mafuta yakanunuliwa dukani. Madarasa ya shule yalijengwa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida badala ya makandarasi wakubwa, ule unaoitwa fosi akaunti, lakini mwashi alitoka kata nyingine kwa sababu hapa hakuna anayesoma mchoro. Orodha hiyo ndiyo mtaala. Itakuwa fupi, na itataka mafundi wawili wa hiki na mmoja wa kile, jambo linalowaudhi wanaopenda takwimu za wahitimu.

Kisha tutazame mafundi waliopo. Karibu kila kijiji kina mzee anayejua useremala kuliko mwalimu yeyote wa chuo, ila hana cheti. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa anachoweza kufanya, hufundishwa mapengo yake, kisha hupewa cheti. Fundi wa namna hiyo akipewa vijana wawili wa kuwafundisha kwenye banda lake, parokia haihitaji jengo. Inahitaji makubaliano ya maandishi kuhusu muda, chakula, vifaa na mgawanyo wa mapato ya kazi zinazofanywa na wanafunzi. Makubaliano hayo yasomwe mbele ya wazazi, kwa sababu kijana asiye na mkataba huishia kuwa mbeba mbao.

Hesabu ni somo la wote, hata wasiojifunza ufundi. Vikundi vya VICOBA vimefanya kazi kubwa hapa. Akina mama wengi ambao hawakumaliza shule wanajua riba, hisa na akiba kuliko wahitimu wa sekondari. Anayeweza kusoma daftari la kikundi hawezi kudanganywa na mweka hazina, wala na mfadhili. Mitaji nayo ipo karibu kuliko tunavyodhani: halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kinachowakosesha wengi mikopo hiyo ni kutokuwa na kikundi kilichosajiliwa na chenye kumbukumbu safi. Frateri aliye kwenye mwaka wa uchungaji anaweza kufanya kazi yenye manufaa sana kwa kukaa na vijana watano na kuwafundisha kuandika muhtasari wa kikao.

Kuhusu wasichana lazima tuseme wazi. Vyuo vyetu vimezoea kuwapeleka kwenye ushonaji na mapishi bila kuwauliza. Ndiyo maana soko la ushonaji limejaa. Msichana anayejua kufunga mfumo wa sola au kutengeneza pampu hana mshindani kijijini, na maji na mwanga ni mambo ambayo wanawake wenzake ndio wanaoyahangaikia kila siku. Mama akiwa na mtoto mchanga hawezi kukaa karakanani siku nzima, kwa hiyo malezi ya watoto yapangwe tangu mwanzo pamoja na ratiba ya mafunzo. Litowa walilijua hilo: watoto wadogo walitunzwa pamoja mama zao wakiwa kazini.

Linabaki suala la umiliki, ambalo hatupendi kulizungumza. Mashine ikinunuliwa kwa jina la parokia, ni ya parokia, hata tukisema kwenye mahubiri kwamba ni ya wote. Watu wanalijua hilo, na mashine ikiharibika watamsubiri padre aitengeneze. Ni afadhali kikundi kisajiliwe, kiwe AMCOS au kikundi cha kawaida cha kijamii, kichange sehemu ya fedha hata kama ni ndogo, na hati iandikwe kwa jina lake. Kama ufadhili umekuja kupitia jimbo, mkataba useme ni lini na kwa masharti gani mali itahamia kwa kikundi. Hapo wapo watakaoona hatari: vipi wakiiuza? Wanaweza kuiuza. Kijiji ambacho hakiwezi kuuza mashine yake hakijawahi kuwa nayo.

Na kwa kuwa sisi mapadre na mafrateri ni watu wa kuhamishwa, jambo moja la kawaida kabisa lifanyike mapema. Akaunti ya mradi isiwe na sahihi ya paroko. Weka sahihi tatu za wanakikundi waliochaguliwa, mmoja wao akiwa kijana na mmoja mwanamke, na utaratibu wa kuwabadilisha kila baada ya miaka miwili. Paroko aalikwe kusikiliza taarifa ya fedha kama mwanakijiji mwingine. Barua ya uhamisho ikifika, kikao kijacho cha kikundi kinabaki tarehe ileile.